Kumbukumbu na Hifadhi: Maneno Mawili, Vifaa Viwili

Maneno kumbukumbu na hifadhi hutumiwa mara nyingi kama visawe pale yanapozungumziwa mambo ya kompyuta, simu na mashine za gemu. Si visawe. Kila moja hutaja kifaa chake, na anayeyachanganya huweza kununua kisichomfaa.

Hifadhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika mkoa wa Kigoma husikika kwa maana zaidi ya moja. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea watu waliokimbia Burundi. Huko, kuomba hifadhi ni kuomba usalama katika nchi ya ugenini. Katika mkoa huohuo, Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa. Kiini cha maana hizo ni kimoja: kuweka mahali salama, pasipo kupotea wala kudhurika. Ndivyo ilivyo katika kompyuta pia. Hifadhi ni mahali faili zinapokaa hata umeme ukikatika: diski, flashi au memori kadi.

Kumbukumbu hutokana na kitenzi kumbuka. Katika kompyuta, neno hili hutaja RAM, yaani sehemu inayoshika kazi inayofanyika wakati huo. Kifaa kikizimwa, yaliyomo humo hufutika.

Mkanganyiko una sababu ndani ya lugha yenyewe. Kuhifadhi Kurani ni kuiweka moyoni, jambo linaloielekeza hifadhi kwenye ukumbusho. Na kumbukumbu za mkutano hutunzwa miaka mingi, ilhali kumbukumbu ya kompyuta haidumu. Memori kadi nayo huongeza utata, kwani jina lake ni la kumbukumbu na kazi yake ni hifadhi. Msemaji wa Kirundi ana njia fupi ya kutofautisha: kumbukumbu ni ya kwibuka, hifadhi ni ya kubika.

Mfano wa fundi cherehani husaidia. Meza anayokatia nguo ni kumbukumbu. Sanduku la vitambaa ni hifadhi. Meza ikiwa ndogo, kazi huenda polepole hata sanduku likiwa kubwa namna gani. Kununua sanduku la pili hakupanui meza.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Nduta au Kasulu aliyejinyima ili anunue kompyuta iliyotumika, kisha akaiona inakwama kila anapofungua programu tatu kwa pamoja, hatapata nafuu kwa kununua flashi ya gigabaiti 64. Huenda anachohitaji ni kuongeza kumbukumbu. Kabla ya kununua, atazame aina inayopokewa na kompyuta yake: kipande cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR3, na baadhi ya kompyuta ndogo zina kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye ubao, isiyoweza kubadilishwa. Kinyume chake, kifaa kikitoa taarifa kwamba nafasi imejaa, kilichopungua ni hifadhi. Lipo jambo moja la kuangalia: kubadilisha diski inayozunguka kwa ile ya SSD huharakisha kompyuta, lakini kwa sababu ya kasi ya diski hiyo, si kwa sababu ya ukubwa wake.

Mashine za gemu zinaonyesha tofauti hiyohiyo. Kadi ya megabaiti 8 ya PlayStation 2 ilitunza hatua aliyofikia mchezaji. Kumbukumbu ya mashine, megabaiti 32, ilibaki vilevile. Nintendo 64 ilikuwa tofauti: kipande cha nyongeza kilichotoka mwaka 1998 kiliongeza kumbukumbu yenyewe kutoka megabaiti 4 hadi 8. Katika PlayStation 4, mwenye mashine huweza kubadilisha diski, lakini kumbukumbu imelehemiwa. PlayStation 5 nayo, tangu mwaka 2021, hupokea SSD ya ziada ndani yake. Hiyo ni hifadhi tu.

Matumizi

Sahihi: Kompyuta hii ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 500.
Sahihi: Gemu haliingii kwa sababu hifadhi imejaa.
Sahihi: Fundi ameongeza kumbukumbu, sasa programu hazikwami.
Si sahihi: Nimenunua flashi ili kuongeza kumbukumbu ya kompyuta. (Sema: kuongeza hifadhi.)

Maneno yote mawili yako katika ngeli ya I-ZI: kumbukumbu imejaa, hifadhi zimejaa. Anayemwendea fundi aseme kwanza dalili, kisha ataje kifaa kwa jina lake. Neno likikosewa dukani, fedha hulipwa na tatizo hubaki.