Binti Aliyezaa na Uzito wa Fadhila

Mchukue mtoto wa miaka tisa au kumi, mwambie ana dakika tano za kuandaa hotuba atakayoitoa mbele ya watu asiowajua, kisha mwache na mzazi wake katika dakika hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walikuwa wakipima kotisoli kwenye mate, yaani homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huimwaga mwili unapohisi umebanwa. Watoto waliokuwa na mzazi hawakupandisha kotisoli. Vijana wa miaka 15 na 16 waliopewa jaribio hilohilo waliipandisha, wawe na mzazi au wawe na mtu baki.

Vijana wale hawakuwa na watoto, na hotuba si kichanga. Hata hivyo jaribio hilo linagusa jambo tunalolichukulia kirahisi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Wa Kenya, mwaka huohuo, ulikuta asilimia 15. Wengi hubaki kwao au hurudishwa kwao, na jirani akiuliza huambiwa, "Yupo kwa mama yake, hana shida." Kuwa kwa mama kumehesabiwa kuwa ndiyo msaada wenyewe.

Lakini hata aliye kwa mama yake hubeba msongo wa ulezi, nao una vipimo vyake. Mwanasaikolojia Richard Abidin wa Marekani alitoa dodoso lake mwaka 1983, na toleo lake fupi lina maswali 36 katika mafungu matatu: dhiki ya mzazi mwenyewe, jinsi anavyoelewana na mtoto, na usumbufu wa mtoto. Faida yake ni kutenganisha mambo ambayo usiku wa manane huwa kitu kimoja. Binti anayesema "mtoto huyu ananitesa" huenda ana mtoto mpole kabisa, ila yeye hajalala.

Huko Kangemi, Nairobi, watafiti waliwahoji wajawazito 176 wa miaka 15 hadi 18 waliofika kituo cha afya. Ripoti yao ya mwaka 2018 inasema karibu theluthi moja walikuwa na dalili za sonona, na kukosa watu wa kuwategemea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoendana nazo. Utafiti wa aina hiyo hausemi kipi kilitangulia. Pengine upweke ulizaa sonona; pengine mwenye sonona huona ametupwa hata akiwa na watu sebuleni.

Tuseme basi watu wapo. Pwani yetu inajua kumtunza mzazi. Katika arubaini anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na mikono iliyozoea. Lakini mwaka 1962 daktari wa watoto T. Berry Brazelton alionyesha kuwa kilio cha kichanga huongezeka wiki hadi wiki na kufika kileleni karibu na wiki ya sita, ndipo kianze kushuka. Piga hesabu: arubaini inaisha, shangazi anafunga kanga zake na kurudi kwake, na mtoto ndiyo kwanza amefikia siku za kulia kuliko zote. Sidhani waliotuwekea desturi hiyo walikosea. Waliiweka kwa ajili ya mwili wa mzazi. Ila binti wa miaka 17 asiyejua kwamba kilio hicho kina kilele na mteremko atasema kosa ni lake, na wapo wa kumwitikia.

Hapo ndipo msaada unapogeuka. Mwaka 1994 Lindsay Chase-Lansdale na wenzake walichapisha uchunguzi wa familia maskini za Wamarekani weusi huko Baltimore, ambako mabinti walizaa wakiwa wadogo. Kwa jumla, binti na mama yake kuishi nyumba moja hakukuboresha malezi; mara nyingi kulikwenda na malezi dhaifu zaidi, ya binti na ya bibi pia, ingawa kwa waliozaa wakiwa wadogo sana mambo yalikuwa tofauti kidogo. Watafiti wengine, Niall Bolger na wenzake, waliwafuatilia wapenzi ambao mmoja wao alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa New York, kila mmoja akiandika shajara yake. Matokeo ya mwaka 2000: msaada ambao mpokeaji aliutambua ulielekea kumwongezea dhiki. Uliomfaa ni ule ambao mwenzake aliandika kuwa ameutoa, naye hakuutambua.

Sasa sikiliza msaada unavyotolewa katika nyumba nyingi. Maziwa yananunuliwa, na juu yake: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba uliniuliza?" Mtoto anapokewa, lakini mbele ya wageni bibi ndiye anayeitwa mama. Binti anashiba kwa masimango, na kila kijiko kinamkumbusha kuwa ni mzigo.

Si haki, hata hivyo, kumbebesha bibi lawama zote. Tangu Novemba 2021 Tanzania inawaruhusu waliozaa kurudi katika shule za kawaida. Saa nne asubuhi, binti akiwa darasani, anayemshika mtoto ni bibi huyo, ambaye mara nyingi hajatimiza hata miaka 45 na ana genge lake la nyanya na vitunguu. Akilifunga, jioni hakuna pesa ya mboga. Masimango mengi huanzia kwenye hesabu hiyo. Nafasi ya mtoto katika kituo cha kulelea mchana, iliyolipiwa na mtu mwingine, ingemwacha bibi gengeni na binti darasani, na hakuna hata mmoja wao ambaye angehitaji kushukuriwa.