Mbwa Mwindaji na Windo Asilotumwa

Katika misitu ya mashariki mwa Marekani, wawindaji hutoka usiku na mbwa waliozalishwa kwa vizazi vingi kwa kazi moja: kufuata harufu ya rakuni, mnyama mdogo mwenye mkia wa mapete meusi, hadi apande mti, kisha kubweka chini yake mpaka bwana wao afike. Lakini pengine mbwa hodari huziacha nyayo za rakuni akamfukuza kulungu, akapotea kwa saa nyingi, au akagongwa na gari. Bwana wake humwita mkaidi. Je, ni ukaidi?

Pua yake haina kosa. Hukadiriwa kuwa na chembe za kunusia zaidi ya 200,000,000, hali ya binadamu zi karibu 6,000,000. Kulungu wa huko ana tezi katikati ya kwato, na kila akanyagapo huacha harufu ardhini. Mbwa huitambua vema kuwa si ya rakuni. Alilokosa ni sababu ya kuijali tofauti hiyo.

Raymond Coppinger, mtaalamu wa tabia za mbwa aliyefundisha Massachusetts, alieleza kwamba vitendo vya uwindaji, kama vile kunyatia, kufukuza na kuuma, humpa mbwa raha vyenyewe, hata asipoonja nyama. Na mbwa hawa wamechaguliwa kwa kupenda kufukuza! Basi amfukuzapo kulungu huwa amekwisha kujilipa ujira kabla bwana hajatamka neno. Akipigwa arudipo, kinachoadhibiwa ni kule kurudi, maana mbwa huambatanisha kipigo na tendo la wakati uleule, si la saa tatu zilizopita. Kwa maoni yangu fimbo hiyo ni ya hasira, si ya mafunzo.

Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini hupata ndizi kwa harufu moja tu, nyingine haziwapi kitu. Lakini panya hafaidi lolote kwa kunusa udongo mtupu, ilhali mbwa hufaidi mbio. Ndiyo maana mwindaji mwangalifu humpitisha mbwa mchanga kwenye njia za kulungu akiwa amefungwa kamba ndefu, asizionje mbio hizo hata mara moja. Kisha humpeleka penye harufu ya rakuni, na hapo ndipo humfungua.