Feni ya Dari na Jinsi Inavyogeuzwa Mwendo

Mjini Kakamega, katika maduka, mahoteli na ofisi, zimo feni za dari zilizotungikwa miaka mingi iliyopita ambazo zingali zikifanya kazi. Mara nyingine feni ya namna hiyo huteremshwa ili itengenezwe, na ikirudishwa mahali pake huonekana inazunguka vizuri kabisa, lakini watu walioketi chini yake hawapati upepo. Mwenyewe hudhani kuwa imeharibika, akatoa fedha kununua nyingine. Kumbe feni haina ila, inazunguka kinyume tu. Yafaa basi kila mwenye feni ajue jinsi mashine hii inavyoendeshwa.

Kwanza tuyatazame mapanga yake. Kila panga limelazwa mshazari, ukingo mmoja juu na mwingine chini. Ukingo wa juu ukitangulia, panga husukuma hewa chini, na watu huburudika. Ukingo wa chini ukitangulia, hewa huvutwa juu, ikatambaa darini, ikashuka polepole kando ya kuta. Katika nchi za baridi kali mwendo huu wa pili una faida, maana nyumba huwashwa moto na hewa yenye joto hupanda darini. Feni huirudisha chini bila kuwapepea watu. Kakamega iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na usiku wake una baridi, lakini ni nyumba chache zinazopashwa moto. Kwa hiyo hapa mwendo utakiwao ni ule wa kuleta upepo chini.

Feni ya dari ya umeme ilianza Marekani katika miaka ya 1880. Philip Diehl, fundi aliyefanya kazi katika kampuni ya cherehani za Singer, alichukua mota aliyokuwa ameitengenezea cherehani, akaitia mapanga na kuitungika darini. Cherehani hiyo hiyo itatusaidia kufahamu habari hii.

Mtazame fundi wa nguo barazani, mwenye cherehani ya miguu. Kikanyagio chake huenda juu na chini tu, wala hakiliambii gurudumu lizunguke upande gani. Fundi hulisukuma gurudumu kwa mkono kwanza, nalo hufuata upande uliosukumwa. Akikosea, gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika.

Ndivyo ilivyo stima. Stima ya majumbani Kenya, yenye volti 240, huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Ikipita katika koili moja ya waya wa shaba, hufanya sumaku inayogeuka-geuka, lakini isiyozunguka. Mota yenye koili moja tu ingenguruma bila kuanza kwenda. Mwaka 1888 Galileo Ferraris huko Italia na Nikola Tesla huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba koili mbili zikipewa stima kwa zamu, moja ikitangulia na nyingine ikifuata, nguvu ya sumaku huzunguka.

Katika feni nyingi za dari, kifaa kinacholeta zamu hiyo ni kapasita. Kazi yake ni kama mkono wa yule fundi wa nguo. Koili zimekaa katikati bila kwenda. Gamba la nje, lenye fito za madini ndani yake na mapanga pembeni, hufuata sumaku inakozunguka.

Je, hugeuzwaje? Wengine hudhani kuwa kubadilishana waya mbili ziletazo stima kutatosha. Sivyo, kwa sababu koili zote mbili hugeuka pamoja, na zamu yao hubaki ile ile. Sharti koili moja tu ibadilishiwe ncha zake. Hapo zamu hupinduka, na feni huzunguka upande wa pili. Feni nyingi za Marekani zina swichi ndogo ubavuni mwa mota kwa kazi hiyo. Feni isiyo na swichi hugeuzwa na fundi kwa waya za ndani. Baadhi ya feni za kale sana hazina kapasita, na hizo hazigeuzwi kwa njia hii.

Feni ikinguruma bila kwenda, au ikifuata upande wowote isukumwako, aghalabu ni kapasita iliyokufa, nayo bei yake ni ndogo kuliko feni mpya. Isiachwe ikinguruma, kwani koili huungua. Kapasita mpya iwe na kipimo kile kile kilichoandikwa juu ya ile ya zamani.

Mwisho, jihadharini. Msigeuze swichi ya mwendo mpaka mapanga yasimame kabisa. Kabla ya kufungua feni, zimeni swichi kuu ya nyumba, wala msidhani kwamba hatari imekwisha, kwa kuwa kapasita huweza kuhifadhi umeme baada ya stima kuzimwa. Kazi hiyo mpeni fundi wa stima. Naye akimaliza, simameni chini ya feni kabla hajaenda zake: upepo ukiwapiga usoni, kazi yake ni njema.