Mkutubi Aliyekataa Kurudi Kuwa Mtu

"Mjomba, hivi sokwe anaweza kutunza vitabu?"

Umeuliza vizuri sana, mpwa wangu. Swali kama hilo halitoki kwa mtoto mvivu. Haya, sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, njoo ukae.

Mwaka 1986 Mwingereza mmoja, Terry Pratchett, alitoa hadithi yenye chuo cha wachawi. Chuo kina maktaba. Maktaba ina mkutubi wake. Basi siku moja uchawi ukafyatuka, ukampata mkutubi wa watu. Alikuwa mtu, akawa orangutani, yule sokwe mwekundu wa misitu ya Borneo na Sumatra.

Na nafasi ya kurudi kuwa mtu ilipokuja, akakataa!

"Kwa nini alikataa, mjomba?"

Itazame mikono yake. Mirefu! Anafika rafu ya juu kabisa bila ngazi. Miguu nayo inashika kama mikono. Neno lake limebaki moja tu, "Ook", na wenzake wanamwelewa. Angerudi kuwa mtu ili apate nini? Vitabu vya pale vina uchawi ndani, vingine vikali hata vinafungwa minyororo. Vinamtaka mtu mwenye nguvu na mapenzi. Yeye anavyo vyote viwili.

Linalonichekesha zaidi ni hili. Katika hadithi hizo, maktaba zote zimeunganishwa. Kwa hiyo mkutubi anayezijua njia akipita nyuma ya rafu ya mwisho pale Maktaba ya Mkoa, Shinyanga mjini, anaweza kutokezea kwa sokwe wetu.

"Kweli, mjomba?"

Kweli ya hadithini. Ni tamu, na inaishia hadithini.

"Na sisi tunazo hadithi za hivyo?"

Tunazo, tena za kutosha. Shaaban Robert wa Tanga aliandika Adili na Nduguze. Humo mna Adili na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Majina yao yenyewe yanakuonya. Wakamtupa ndugu yao baharini. Jini mmoja, Huria, akamwokoa, kisha akawageuza wale wawili kuwa manyani. Kila usiku Adili anatakiwa kuwachapa. Hataki. Anawachapa huku analia, halafu anawabembeleza. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwahurumia manyani. Niliporudia nikamhurumia mwenye fimbo.

Na huku kwetu Usukumani wazee wanasimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mama mmoja mjamzito, amejificha. Akajifungua Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akaanza kulisaka zimwi. Akaua panzi. "Mama, ndiye huyu?" Siye, mwanangu. Akaua ndege. "Mama, ndiye huyu?" Siye, mwanangu. Hakuchoka kuuliza, kama wewe usivyochoka. Mwishowe akaliua zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka.

Sasa sikiliza. Baba zenu wakichimba duara, yaani shimo la dhahabu, kule Nyarugusu, wanaweka matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Ukiyatoa, duara linaporomoka. Hadithi ya uchawi nayo ina matimba yake, nayo ni masharti. Adili asingekuwa na sharti la kuchapa, ungelia kwa lipi? Sokwe angeweza kufanya kila kitu, ungemwogopea nini? Mimi hadithi ambayo mchawi anajitoa katika kila shida kwa neno moja naifunga mapema, nalala.

"Mjomba... bibi wa jirani ana macho mekundu. Yeye ni mchawi?"

Hapana. Hapana kabisa. Na umefanya vizuri kuuliza badala ya kunong'ona. Bibi huyo amepika kwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe tangu akiwa msichana. Moshi unaingia machoni, macho yanawasha, yanakuwa mekundu. Ni moshi tu! Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo. Watu wenye ualbino nao wamewindwa, kwa sababu waganga matapeli waliwaahidi watu utajiri, wachimbaji wakiwemo. Uongo mtupu. Dhahabu ya Geita imo kwenye mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Iliingia humo kabla hajazaliwa mganga hata mmoja. Uchawi wa kitabuni hauhitaji damu ya jirani yako.

"Mkutubi wa kweli je, ana uchawi?"

Ana namba. Mmarekani Melvil Dewey alizipanga mwaka 1876, na wakutubi wetu wanasomea kazi hiyo kule Bagamoyo. Kitabu kingeweza kusema, kingekuambia hivi: "Usinitafute kwa rangi ya jalada, mtoto. Nitazame mgongoni. Nikiwa 398, mimi ni ngano, jamaa ya Shing'weng'we. Nikiwa 896.392, mimi ni fasihi ya Kiswahili, ukoo wa Adili. Ukinichomoa ukanichomeka kwingine, nimepotea, hata kama nimo chumba hiki hiki." Mkutubi anayekwenda moja kwa moja kati ya maelfu ya vitabu na kurudi na kile unachokitaka, mimi namvulia kofia kuliko jini.

Basi, wapwa zangu, mtakapofika Shinyanga mjini mwombeni mkutubi Adili na Nduguze. Anayekaa mbali aanze na kabati la mwalimu wake. Msikunje kurasa, msisome huku mnakula embe, na kitabu kirudi kabla ya tarehe iliyogongwa muhuri, maana kuna mwenzenu anakisubiri.