Sungura nyumbani: furaha, hasara na mafunzo ya Lukole



Maombi ya sungura yanatufikia mara kwa mara. Mara ni kikundi cha akina mama, mara ni vijana waliomaliza shule, mara ni walezi wa yatima. Tunayapenda maombi hayo. Lakini pia tumerudi kwenye kaya tulizozipa wanyama na kukuta kizimba kitupu, mlango umening'inia kwa kipande cha kamba. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona tueleze jambo lenyewe lilivyo, faida na hasara zake, ili kamati ziombe kwa kuelewa na wafadhili watoe kwa kuelewa.

Kwa nini sungura, na kwa nini Lukole

Wilaya za Ngara na Biharamulo zinajua maana ya watu wengi kuishi mahali padogo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki moja walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Lukole, wilayani Ngara, ikawa makazi ya wakimbizi wa Burundi kwa miaka mingi, hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Chakula chao kikuu kilikuwa mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Nyama haikuwemo. Kutoka mbali na kambi kulihitaji kibali, na hapakuwa na shamba la kulishia ng'ombe wala mbuzi.

Katika mazingira ya namna hiyo mnyama wa kufugwa lazima awe mdogo, ale majani ya karibu na akae nyuma ya nyumba. Sungura ana sifa hizo. Hashindani na mtu kwa chakula kama kuku anavyoshindana kwa mahindi. Anakula matembele, majani ya maharage, kishonanguo na magugu mengine ya shambani. Wakimbizi wengi hawakuhitaji kuelezwa mnyama huyu ni nani. Kwa Kirundi wanamwita urukwavu. Kambi imefungwa, lakini kaya zenye kiwanja kidogo bado zipo katika vijiji vyetu. Somo ni lile lile.

Hesabu inayovutia

Jike hupandishwa akiwa na umri wa miezi 5 hadi 6. Hubeba mimba kwa siku 31 hivi na huzaa watoto 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Akitunzwa vizuri, bila kuharakishwa, anaweza kuzaa mara 4 kwa mwaka. Sita mara nne ni 24. Hesabu hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye maombi yote tunayopokea.

Furaha ipo kweli. Mtoto wa sungura huzaliwa hana manyoya, macho yamefumba, na baada ya siku 10 hadi 12 anafumbua macho. Watoto wa nyumbani hawakosi kuchungulia kila asubuhi. Sungura wa kilo mbili na nusu anatosha mboga ya familia kwa siku moja au mbili, bila kubakiza nyama itakayooza. Nyama yake ina protini nyingi na mafuta kidogo, hivyo inafaa kupikwa kwa mafuta au karanga. Samadi yake inaenda moja kwa moja kwenye mchicha na migomba.

Hesabu isiyoandikwa

Sasa tuseme lile ambalo maombi hayalisemi. Kati ya wale 24, wengine hawafiki umri wa kuchinjwa. Sababu kubwa tunazokutana nazo ni hizi:

1. Kukosa kiota. Jike asipowekewa kijisanduku chenye nyasi kavu siku ya 27 au 28, huzaa juu ya sakafu na watoto hufa kwa baridi. Akishtushwa na mbwa au kelele, anaweza kuwakanyaga au kuwala.

2. Siafu. Usiku mmoja unatosha kumaliza uzao mzima. Miguu ya banda iwekwe kwenye makopo yenye maji yaliyochanganywa na mafuta machafu. Paka, nyoka na nguchiro nao huzuiwa kwa wavu imara.

3. Majani mabichi yenye umande. Tumbo hujaa gesi na mnyama anaweza kufa siku hiyo hiyo. Majani yakatwe jana, yanyaushwe, yatolewe leo. Majani ya nyonyo, nyanya, viazi mviringo na parachichi yasitolewe kabisa.

4. Uchafu na unyevu. Hapo ndipo unapoingia ugonjwa wa kuhara unaoua watoto walioachishwa ziwa, pamoja na ukurutu wa masikio. Sakafu iwe na nafasi za kupitisha kinyesi, na ifagiliwe kila siku.

Mfugaji mgeni asishtuke akimwona sungura anakula kinyesi chake laini. Si ugonjwa wala njaa. Ndivyo anavyopata virutubisho kwa mara ya pili.

Kosa letu wenyewe

Tunakiri kwamba hasara nyingine tulizileta sisi. Tuligawa dume na jike kwa kila kaya, mara nyingi wa tumbo moja, kwa sababu ilikuwa rahisi kusafirisha. Tukawaacha wakae kizimba kimoja. Jike akabebeshwa mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa, akadhoofu, na watoto wa ndugu kwa ndugu wakawa wanyonge. Kwenye taarifa tuliandika idadi ya sungura tuliogawa, na ilipendeza kusoma. Hatukuandika ni wangapi walikuwa hai baada ya mwaka.

Mama mmoja alituonyesha banda lake tupu akasema, "Mlinipa sungura, hamkunipa maarifa." Hatukuwa na la kujibu.

Siku hizi tunashauri hivi: kaya tatu au nne zitumie dume mmoja kutoka ukoo mwingine, na jike ndiye apelekwe kwa dume, kisha arudishwe kwake siku hiyo hiyo. Banda lijengwe kwanza, likaguliwe na kamati, ndipo mnyama aletwe. Utaratibu uwe kopa sungura, lipa sungura: aliyepewa jike mmoja arudishe majike mawili walioachishwa ziwa kwa jirani anayefuata.

Maswali ya kujibu kabla ya kuomba

La kwanza, nani atakula? Waumini Wasabato hawali sungura, kwa kufuata kitabu cha Walawi sura ya 11, na Waislamu wa Shia nao hawamli. Wengine humwona kama paka tu. Kamati iulize kaya kwa upole kabla ya kuziandikisha.

La pili, nani atanunua? Kuzalisha ni rahisi kuliko kuuza. Tunashauri kaya ianze na nyama ya mezani kwake. Kinachozidi ndicho kiuzwe. Anayewaahidi bei kubwa kabla hajawaonyesha mnunuzi, msimpe fedha.

La tatu, nani atachinja? Mtoto aliyekata majani kila jioni na kumpa sungura jina atalia siku hiyo. Tumeona baba akiahirisha wiki baada ya wiki kwa sababu hiyo, hadi banda likajaa na ugonjwa ukaingia. Mtoto aelezwe tangu mwanzo kwamba huyu ni mfugo. Mzazi mmoja aliruhusu jike mzazi tu apewe jina, wengine wote hapana. Ilisaidia.

Ombi letu

Kwa kamati: leteni majina ya kaya zilizokwisha kujenga banda, hata kama ni tatu tu. Kwa wafadhili: mkisoma taarifa yetu ijayo mtaona tarakimu ndogo kuliko zamani, kwa kuwa tutahesabu watoto walioachishwa ziwa wakiwa hai, si wanyama waliopakiwa kwenye gari. Tunaomba msivunjike moyo. Sungura hao wachache ndio watakaokuwa wamefika mezani.