Vita vya 1864 viligawanya nyumba ya Malkia Victoria

Februari 1864, Prusia na Austria zilishambulia Denmark kwa ajili ya Schleswig na Holstein. Vita hivyo viliingia hadi mezani kwa Malkia Victoria wa Uingereza. Binti yake mkubwa, Vicky, alikuwa ameolewa Prusia tangu 1858, na mumewe alikuwa vitani. Alexandra, mke wa mwanawe Edward, alikuwa binti wa mfalme wa Denmark.

Victoria aliunga mkono Wajerumani, Edward akaunga mkono wakwe zake. Malkia akakataza mazungumzo hayo nyumbani. Barua hazikukoma: yeye na Vicky waliandikiana zaidi ya miaka 40, wakichanganya habari za watoto na za serikali.

Denmark ilishindwa. Alexandra hakuwasamehe Waprusia.