Ndege wa Kupwa na Kujaa: Asubuhi za Machi na Aprili Pwani ya Kwale

Kwale haina ziwa la asili la kutajwa pamoja na Naivasha au Nakuru. Maji yanayovuta ndege wengi zaidi katika kaunti hii ni ya chumvi, au ya chumvi iliyochanganyika na maji baridi: vinywa vya mito na ghuba za mikoko kuanzia Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, kupita Gazi na Msambweni, hadi Funzi unakoishia Mto Ramisi na Vanga unakoishia Mto Umba. Maji yakipwa, sehemu hizi huacha wazi tope na mchanga uliojaa kaa, minyoo na chaza wadogo. Hicho ndicho chakula cha ndege wa pwani. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili, kaskazi inapofifia na mvua ndefu, ambazo wazee wa pwani huziita mwaka, zinapokaribia, wengi wa walaji hao ni wageni walio mbioni kuondoka.

Anayetaka kuwaona huanza kwa kuhesabu maji kabla ya kuhesabu ndege. Msituni ndege hufuata jua, ndiyo maana mtu huambiwa aamke alfajiri. Ufuoni jua halina amri kubwa. Ndege wa pwani hula maji yanapokupwa, usiku au mchana, na hupumzika maji yanapojaa, hata kama ni asubuhi yenye baridi nzuri. Mtu aliyefika Diani saa moja bila kujua hali ya maji anaweza kukuta bahari imefika kwenye mizizi ya mivinje na hakuna ndege hata mmoja, akarudi nyumbani akisema ndege wamekwisha.

Hesabu yenyewe wavuvi wanayo vichwani. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji katika pwani hii hujaa mnamo saa kumi za alfajiri na kukauka kabisa mnamo saa nne au nne na nusu asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Hizo ndizo siku ambazo wavuvi wa pweza hutoka na mikonjo yao hadi kwenye mwamba. Kwa kutazama ndege, bamvua si wakati mzuri kama inavyodhaniwa: saa tatu ikifika, ndege wamekwisha kufuata maji mbali, wamegeuka nukta juu ya tope. Siku zinazofaa ni tatu au nne baada ya hapo. Maji hujaa alfajiri jua linapokaribia kuchomoza, mnamo saa kumi na mbili na dakika 20 katika mwezi wa Machi, na ndege wote wa ghuba huwa wamebanwa pamoja kwenye kipande kidogo cha mchanga kilichobaki. Kisha maji huanza kushuka, tope huonekana pole pole, na kundi hutawanyika mbele ya macho ya mtazamaji, kila aina ikielekea kwenye chakula chake.

Jambo la pili ni mwanga. Fuo za Diani zinatazama mashariki, kwa hiyo aliyesimama ufuoni asubuhi akitazama baharini huona vivuli vyeusi tu, na darubini bora haimsaidii. Penye kinywa cha mto tatizo hilo linaweza kukwepwa. Mwachema, karibu na msikiti wa kale wa Kongo na mibuyu yake, una ulimi wa mchanga upande wa bahari. Mtu akisimama hapo akaupa mgongo mwanga na kutazama bara, tope lote la mto huwa mbele yake limeangazwa vizuri. Darubini ya mkononi inayokuza mara nane hutosha kwa ndege wa karibu. Kwa ghuba pana kama Gazi, ile ya kusimamishwa kwa miguu mitatu huokoa muda mwingi wa kubahatisha.

Kwa jicho lisilozoea, ndege walioko kwenye tope ni wa rangi moja: kijivu juu, weupe chini. Kiswahili chenyewe huwakusanya wengi wao katika jina moja, vitwitwi. Njia ya haraka ya kuwatenganisha ni kutazama wanavyokula, rangi baadaye. Wako wenye mdomo mfupi na macho makubwa. Hao hukimbia hatua chache, husimama ghafla kama waliosikia jina lao, hudonoa mara moja, kisha hukimbia tena. Wanawinda kwa macho. Wako pia wenye mdomo mrefu na mwembamba, ambao hutembea wameinama wakichoma tope mfululizo kama cherehani. Hawa hawahitaji kuona mnyoo. Ncha ya mdomo wao ina mishipa mingi ya fahamu inayotambua kiumbe kilichojificha ndani ya tope. Urefu wa mdomo huamua kina cha chakula, na hiyo ndiyo sababu aina nyingi zinaweza kula kwenye uwanja mmoja bila kugombana sana.

Mrefu kuliko wote ni mdomo wa sululu, ndege wa kahawia mwenye ukubwa wa kuku mdogo, ambaye mdomo wake umepinda kuelekea chini. Kiswahili kimelipa jina hilohilo jembe la kuchimbia mawe, na aliyewahi kuviona vyote viwili haulizi kwa nini. Sululu huingiza mdomo katika tundu la kaa hadi karibu na paji la uso, humtoa, humtikisa mpaka magando yakatike, kisha humeza kilichobaki. Kinyume chake ni kitwitwi mmoja wa miguu ya rangi ya chungwa (Xenus cinereus) ambaye mdomo wake umepinda kuelekea juu. Huyu hukimbia kichwa chini, akigeuka ghafla huku na huku, utadhani kapoteza kitu. Kwa kweli anafukuza kaa wadogo wanaorudi matunduni. Maji yanapojaa, yeye na sululu hawabaki mchangani pamoja na wengine. Hupanda matawi ya mikoko na kungoja huko, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba ndege wa tope hatui mtini.

Machi na Aprili zina faida ambayo Januari haina: manyoya hubadilika. Kitwitwi wa Siberia (Calidris ferruginea), ambaye tangu Septemba alikuwa wa kijivu, huanza kupata madoa ya rangi ya matofali kifuani, kisha tumbo lote na shingo huiva. Vitwitwi wenye mdomo mfupi waliotoka jangwa na milima ya Asia ya Kati hupata mkanda wa hudhurungi kifuani, na madume hupata weusi usoni kama barakoa. Katika kundi moja la asubuhi moja huonekana hatua zote: aliyeiva kabisa, aliyefika nusu, na wa kijivu ambaye hajaanza. Kwa mtazamaji mgeni huo ni mkanganyo. Kwa aliyezoea, ndio wakati ambapo vitabu vya ndege huanza kusomeka, maana aina zilizofanana miezi mitano sasa zinajitangaza.

Badiliko lisiloonekana kwa urahisi ni la uzito. Kitwitwi wa Siberia ana gramu 60 hivi kwa siku za kawaida. Kabla ya kuondoka huweza kuongeza mafuta hadi karibu gramu 90. Mafuta hayo ndiyo mafuta ya safari kwa maana halisi. Kutoka Kwale, nyuzi nne kusini mwa ikweta, hadi nchi za barafu za Taymyr anakotaga, kuna zaidi ya kilomita 8,500 hata kwa mstari ulionyooka. Hapitii yote kwa mkupuo, bali kila kipande cha safari kinalipiwa na kilicholiwa kabla yake. Uwezo wa ndege wa jamii hii ulidhihirika Oktoba 2022, pale ndugu yao mmoja aliyefungwa kifaa cha mawasiliano ya satelaiti aliporuka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Ndiyo maana kumfukuza ndege anayekula mwezi wa Aprili si mchezo. Mbwa aliyeachiwa kwenye ulimi wa mchanga, au mpiga picha anayesogea mpaka kundi liruke, anachoma mafuta ambayo yalichukua saa nyingi kukusanywa.

Maisha ya huko kaskazini huacha alama hadi Gazi. Katika nchi za barafu wapo panya wadogo ambao idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Panya wakiwa wengi, mbweha hushiba na kuwaacha makinda wa ndege. Panya wakipungua, mbweha hugeukia viota. Kwa sababu hiyo, makundi yanayofika Afrika Mashariki katika mwaka mmoja huwa na vijana wengi, na mwaka mwingine karibu hukosa vijana kabisa, bila kosa lolote la pwani ya Kenya.

Si wote wanaokwenda mbali hivyo. Ndege mla kaa (Dromas ardeola), mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene kama koleo, ni mtu wa Bahari ya Hindi tu. Hutaga katika visiwa na fuo za Oman, Falme za Kiarabu, Iran, Eritrea na Somalia, kisha hushuka hadi Kenya, Tanzania na Madagaska. Safari yake inakumbusha majahazi ya zamani yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi, bandari zikiwa karibu zilezile. Katika ndege wote wa mwambao wa dunia, ni yeye peke yake anayechimba shimo mchangani na kutaga ndani yake. Yai lake ni moja, jeupe, kwa kuwa gizani hakuna haja ya madoa ya kujificha, na joto la mchanga husaidia kulihifadhi. Kinda wa kitwitwi hujitafutia chakula tangu siku ya kwanza, lakini kinda wa mla kaa hulishwa shimoni, na hata akishafika Afrika huendelea kumfuata mzazi akililia kaa. Hilo huonekana na kusikika kwenye tope la pwani hii miezi kadhaa baada ya kuanguliwa kwake.

Ubora wa tope hutegemea mikoko iliyo nyuma yake, kwa kuwa majani yanayoanguka na kuoza ndiyo mwanzo wa chakula cha kaa na minyoo. Gazi inafaa kusomewa jambo hili. Misitu yake, kiasi cha kilomita sita za mraba, ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, na upandaji upya ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambayo ina kituo kijijini hapo. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni, na fedha zake huingia katika maji na shule za vijiji. Kikundi cha akina mama kimejenga njia ya mbao inayopita juu ya tope, kati ya mikoko, mikandaa na mililana. Asubuhi, mtu akitulia hapo, huwaona mdiria, koikoi na sululu kwa karibu kuliko anavyowaona akiwa ufuoni, na bila kuloa matope.

Kuhesabu kundi kubwa ni ufundi wa kujifunza. Anayejaribu kuwahesabu mmoja mmoja hushindwa, kwa kuwa kundi huruka kabla hajafika hamsini. Wazoefu huhesabu kumi, hukariri jinsi kumi wanavyoonekana kwenye darubini, kisha hulipima kundi lote kwa kipimo hicho. Hesabu za taifa za ndege wa majini hufanyika Januari, wageni wanapokuwa wametulia. Za Machi na Aprili hutoa picha nyingine: nani kaondoka, lini, na nani angali hajaiva.

Kufikia katikati ya Mei, mvua zikiwa zimekolea na kusi ikivuma, tope la Mwachema na Gazi huwa limebaki na ndege wachache, wa kijivu, wasio na dalili ya rangi. Hao si wagonjwa wala waliopotea. Wengi ni waliozaliwa mwaka uliopita, ambao bado hawajafikia umri wa kutaga na hawana sababu ya kusafiri. Hukaa Kwale msimu mzima wa kusi. Wazee wao huanza kurudi mwishoni mwa Julai na Agosti, bado wana mabaki ya wekundu kifuani, wiki kadhaa mbele ya makinda wao, ambao huja peke yao kwa njia wasiyowahi kuiona.